Nagana katika Tambarare ya Mkata: Ng'ombe, Mbung'o na Historia ya Ustahimilivu wa Damu, Kilosa na Mikumi

Magharibi ya mji wa Morogoro, milima ya Uluguru ikishaachwa nyuma, ardhi hushuka na kuwa tambarare pana ya nyasi, migunga na udongo mweusi wa mfinyanzi. Hiyo ndiyo tambarare ya Mkata. Sehemu yake moja imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na kupanuliwa mwaka 1975 hadi kufikia kilomita za mraba 3,230. Sehemu nyingine ni ya Wilaya ya Kilosa, yenye kinamasi cha Tendigo, mto Mkondoa, na safu za milima ya Rubeho na Ukaguru. Mpaka kati ya hifadhi na wilaya umechorwa kwenye ramani, lakini mbung'o hana ramani. Nyati wa Mikumi na ng'ombe wa Kilosa hula nyasi za tambarare moja na huumwa na mbung'o walewale. Nyati huendelea kunenepa. Ng'ombe, mara nyingi, hukonda, manyoya humsimama, utando wa ndani wa macho hupauka, naye asipotibiwa hufa.

Historia ya mifugo ya Kilosa imezoea kuandikwa kana kwamba mhusika wake mkuu ni mbung'o: alikuwapo wapi, alienea lini, nani alimfukuza, nani alimrudisha. Insha hii inachunguza mhusika wa pili ambaye wanahistoria wamempa nafasi ndogo, yaani mwili wa mnyama mwenyewe. Hoja inayotetewa ni kwamba neno "kinga", lililotumiwa na waandishi mashuhuri wa historia ya mazingira ya Afrika Mashariki kueleza jinsi wafugaji wa zamani walivyoishi karibu na mbung'o, halikidhi haja bila kutenganishwa na neno jingine, "ustahimilivu". Kinga huua kimelea. Ustahimilivu humwacha kimelea akiwapo na kuuzuia mwili usijiangamize kwa kupigana naye. Tofauti hiyo inabadilisha namna ya kusoma karne nzima ya kumbukumbu za mifugo.

Istilahi tatu zahitaji kuwekwa sawa tangu mwanzo. "Nagana" ni ugonjwa wa wanyama unaosababishwa na vimelea wa damu waitwao tripanosoma, hasa Trypanosoma congolense, T. vivax na T. brucei, ndugu yake kwa binadamu ni malale. Nagana isichanganywe na ndigana, inayoletwa na kupe. Mbung'o, ambaye sehemu nyingine huitwa ndorobo, ndiye mwenezaji wa nagana. Neno "uvimbe" linatumika hapa kwa maana ya kitabibu: mwitiko wa mwili wa kupeleka damu, joto na chembe za kinga mahali palipoingiliwa na adui. Katika nagana uvimbe huo hauonekani kwa macho kama jipu. Umo ndani ya damu, wengu, ini na uboho.

Njia ya misafara

Kabla ya reli, njia kuu kutoka pwani kwenda Unyamwezi na Ujiji zilipita Usagara, ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Kilosa ya leo. Kila kitu kilichopita humo kilibebwa kichwani au begani. Wageni wa Ulaya waliona jambo hilo kuwa dalili ya uduni, nao wakajaribu kulirekebisha. Mwaka 1876 Roger Price wa London Missionary Society alitoka Saadani na ng'ombe wa kukokota, akafika Mpwapwa, akarudi na habari njema kwamba njia ya magari ya ng'ombe inawezekana. Mwaka uliofuata msafara wa shirika hilohilo ulianza safari kwa magari na maksai. Ng'ombe wakafa kwa wingi, magari yakaachwa, na mizigo ikarudi mabegani mwa wapagazi. Mwaka 1879 wakala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji walishusha Msasani tembo wanne kutoka India, wakitumaini kuwa ngozi nene ingeshinda mbung'o. Tembo nao walikufa mmoja baada ya mwingine katika safari ile ndefu, ingawa si haki kumlaumu mbung'o peke yake kwa vifo vyao.

Tofauti ya matokeo ya 1876 na 1877 inastahili kuangaliwa kuliko ilivyozoeleka. Maelezo ya kawaida ni kwamba Price alibahatika. Lakini nagana haimwangushi ng'ombe siku ya kuumwa. T. congolense huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, kumdhoofisha mnyama, na mnyama anayefanya kazi ngumu bila malisho ya kutosha huanguka mapema kuliko aliyepumzika. Safari fupi yenye mzigo mwepesi inaweza kumalizika kabla damu haijaisha. Kwa maneno mengine, jaribio la 1876 halikupima kama mbung'o yupo njiani. Lilipima muda. Wapagazi wa Kinyamwezi na viongozi wa misafara wa pwani, ambao kwa miongo mingi hawakuwahi kuwekeza mali yao katika wanyama wa mizigo kwa njia hiyo, walikuwa wamekwisha kulipata jibu kwa uzoefu.

Hata hivyo Usagara na Ukaguru hazikuwa nchi zisizo na ng'ombe. Mifugo ilikuwapo milimani na kwenye uwanda wa juu uliolimwa na kufyekwa, ambako mbung'o hakupata kivuli. Chini, katika Mkata, ilikuwapo kwa majira na kwa tahadhari. Mpangilio huu wa juu na chini ndio uliovunjika mwishoni mwa karne ya kumi na tisa.

Miaka ya kuvunjika

Sotoka iliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890 na kuua sehemu kubwa mno ya ng'ombe. Kwa maeneo mengi makadirio ni tisa kati ya kila kumi. Iliua pia nyati na wanyama wengine wa porini wenye kwato, na kwa muda mfupi mbung'o nao walipungua kwa kukosa damu. Kisha njaa, ndui na funza vikafuata. Nyasi zisizoliwa na mashamba yasiyolimwa yakageuka vichaka, wanyamapori wakaongezeka upesi kuliko ng'ombe, na mbung'o akarudi akiwa na makao mapana kuliko aliyokuwa nayo kabla. Vita vya Majimaji, vilivyofika Kilosa mwezi Agosti 1905, na hatua ya Wajerumani ya kuchoma mashamba na maghala katika maeneo ya uasi, viliongeza vichaka hivyo kusini yote.

Katika kipindi hichohicho ugonjwa ulipata jina na sababu. David Bruce alimwona kimelea wa nagana mwaka 1895 huko Zululand. Robert Koch, akiwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, alichunguza ugonjwa huo pamoja na magonjwa mengine ya mifugo ya koloni, na baadaye akawa mtetezi wa kuangamiza wanyamapori ili kimelea akose hifadhi. Friedrich Kleine, akifanya kazi katika koloni hilo hilo la Kijerumani, alithibitisha mwaka 1909 kwamba kimelea hukua ndani ya mbung'o kabla ya kuambukizwa tena, si kubebwa tu mdomoni kama uchafu. Baada ya hapo sera za Wajerumani, na za Waingereza waliowafuata, zilijengwa juu ya nguzo mbili: mbung'o na kimelea. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o huko Shinyanga hadi kifo chake mwaka 1938, alifyeka na kuchoma misitu kwa ustadi mkubwa na kwa imani kwamba mbung'o akiondoka, historia ya nagana imekwisha. Ng'ombe mwenyewe alihesabiwa kama chombo tupu: ama ameambukizwa, ama hakuambukizwa.

Dhana hiyo ilijengwa pia ndani ya darubini. Ofisa mifugo wa wilaya alichukua tone la damu kutoka sikioni, akalitandaza kwenye kioo na kutafuta vimelea. Aliyeonekana naye aliandikwa mgonjwa, asiyeonekana naye aliandikwa mzima. Lakini idadi ya tripanosoma katika damu hupanda na kushuka kwa mawimbi, jambo ambalo Ronald Ross na David Thomson walilionyesha wazi mwaka 1910 kwa kuhesabu vimelea wa mgonjwa mmoja wa malale siku baada ya siku. Ng'ombe aliyepimwa wimbi likiwa chini huonekana safi. Mwingine aweza kuwa na vimelea wanaoonekana na bado akanyonyesha ndama wake bila shida. Kwa hiyo takwimu za ukoloni kuhusu nagana, zile ambazo watafiti wengi wamezinukuu kama kipimo cha hasara, ni kipimo cha kuonekana kwa kimelea tu. Hazikupima madhara.

Hoja ya Ford

Mwaka 1971 John Ford, mwanaikolojia wa Kiingereza aliyekuwa ameshughulika na mbung'o kwa miongo kadhaa Afrika Mashariki na ya Kati, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu nafasi ya magonjwa ya tripanosoma katika ikolojia ya Afrika. Hoja yake ilipindua iliyozoeleka. Waafrika hawakuwa wahanga wa mbung'o hadi walipookolewa na serikali za kikoloni. Walikuwa na utaratibu wao wa kuishi pembeni mwa maeneo yake, kwa kufyeka, kuchoma, kuwinda na kupanga makazi. Zaidi ya hapo, kuguswa kidogo kidogo na mbung'o kuliwapa watu na mifugo kiasi fulani cha kinga. Ukoloni, kwa kuwatenga watu, mifugo na pori, uliivunja hali hiyo. Helge Kjekshus aliichukua hoja hii mwaka 1977 na kuijenga kwa ajili ya Tanganyika nzima. Juhani Koponen, miaka kumi na moja baadaye, aliona kuwa picha ya Kjekshus ilikuwa angavu mno, kwamba njaa na vita vya karne ya kumi na tisa vilikuwapo kabla ya Mjerumani.

Mjadala huo umeendelea kwa muda mrefu juu ya mazingira na siasa, na sehemu ya kinga ikaachwa kando kama suala la madaktari wa mifugo. Hapo ndipo udhaifu ulipo. Ikiwa Ford alimaanisha kwamba ng'ombe wa Usagara walijifunza kuua tripanosoma kwa kuumwa mara kwa mara, hoja yake inapingana na jambo lililothibitishwa vizuri kuliko yote katika elimu ya kimelea huyu. Kila tripanosoma amevikwa koti la protini ya aina moja, na chembe za urithi zake zina akiba ya zaidi ya makoti 1,000 tofauti. Mwili ukishatengeneza silaha dhidi ya koti la kwanza, wachache waliokwisha kubadili vazi husalia na kuanzisha wimbi jipya. Keith Vickerman alilieleza koti hilo mwaka 1969. Ndiyo sababu hadi leo hakuna chanjo ya nagana inayotumika kwa ng'ombe. Kinga kamili, kwa maana ya kumwondoa kimelea, ni jambo ambalo ng'ombe wa Mkata hakuweza kulipata kwa kuumwa mara elfu.

Hata hivyo Ford alikuwa ameona kitu cha kweli. Palikuwapo ng'ombe waliodumu. Swali linalobaki ni walidumu kwa njia gani, na jibu limetoka mahali ambapo wanahistoria wa Tanzania hawakuwa wakitazama.

Kile kinachoua

Katikati ya miaka ya 1970 Anthony Cerami wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alivutiwa na jambo ambalo kila mfugaji wa Kilosa analijua: mnyama mwenye nagana hukonda kupita kiasi hata kama vimelea waliomo katika damu yake ni wachache. Sungura walioambukizwa T. brucei walikonda vivyo hivyo, na mafuta yakajaa katika damu yao kwa sababu mwili ulishindwa kuyatumia. Mwaka 1980 Carol Rouzer na Cerami walichapisha uchunguzi huo. Kilichokuwa kikimkondesha mnyama hakikutoka kwa kimelea. Kilitoka kwa makrofaji, zile chembe kubwa za kinga zinazomeza wadudu na mabaki ya seli. Wakaipa dutu hiyo jina la kakektini, kutokana na neno la Kigiriki la hali mbaya ya mwili. Mwaka 1985 Bruce Beutler, Cerami na wenzao walionyesha kwamba kakektini ni kitu kilekile kilichokuwa kimetajwa muongo mmoja kabla kama TNF, dutu iliyogunduliwa kwa uwezo wake wa kuua seli za saratani. Dawa zinazozuia TNF, ambazo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zimebadili maisha ya wagonjwa wa baridi yabisi katika nchi tajiri, zina asili yake, kwa sehemu, katika swali la kwa nini ng'ombe wa Afrika hukonda. Ni deni la kisayansi ambalo halijaandikwa katika daftari lolote la Kilosa.

Picha iliyojengeka baada ya hapo ni hii. Tripanosoma akiingia, seli T na chembe nyingine za kinga hutoa intaferoni gama, dutu inayoziamsha makrofaji. Makrofaji zilizoamshwa hutoa TNF na nitriki oksidi, hushambulia vimelea, na wimbi la kwanza hushuka. Hadi hapo uvimbe ni rafiki. Lakini kwa kuwa kimelea hubadili koti na kurudi, amri ya kushambulia haifutwi. Makrofaji zilizomo katika wengu na ini, zikiwa zimechochewa mfululizo, huanza kumeza chembe nyekundu za damu za mnyama mwenyewe, na uboho hushindwa kufidia. Upungufu wa damu ndio sura kuu ya nagana ya ng'ombe. Huo si unyonyaji wa kimelea. Ni kazi ya askari wasioambiwa warudi kambini.

Amri ya kurudi kambini ipo. Mwaka 1989 maabara ya Tim Mosmann ilieleza dutu inayozuia seli za kinga kutoa sitokini, yaani kemikali za kupashana habari. Baadaye ikaitwa intalukini-10. Katika nagana umuhimu wake ulionyeshwa na kundi la Henry Tabel huko Saskatchewan, Kanada, mwaka 2003. Panya wa aina inayostahimili T. congolense walizuiwa wasiipokee intalukini-10. Wakafa ndani ya siku chache, na kilichowaua ni wingi wa intaferoni gama. Ilipozuiwa nayo, vifo vya mapema havikutokea. Mwaka 2007 watafiti wa Brussels walionyesha kwamba seli T dhibiti, kundi dogo la seli T ambalo kazi yake ni kutuliza wenzake, ni miongoni mwa vyanzo vya ustahimilivu huo. Mwaka uliofuata kundi la Saskatchewan likatoa matokeo yanayoonekana kupingana: panya waliopunguziwa seli dhibiti walimdhibiti kimelea vizuri zaidi.

Matokeo hayo mawili hayafutani. Seli dhibiti zikitangulia mno, humnyima mnyama nguvu ya kulivunja wimbi la kwanza. Zikichelewa, mwili hujila. Kinachoamua ni wakati na kiasi. Mwanahistoria atalitambua umbo la hoja hiyo, maana ni karibu sawa na alilosema Ford kuhusu mfugaji na pori, ingawa Ford alizungumza juu ya nchi na watafiti hawa juu ya damu. Kulinganisha huko kusivutwe mbali zaidi ya hapo. Panya wa maabara aliyedungwa sindano tumboni si mtamba wa Mkata aliyeumwa na mbung'o mguuni.

Ushahidi wa ng'ombe wenyewe unatoka Afrika Magharibi na Nairobi. N'Dama, ng'ombe wadogo wa Afrika Magharibi ambao wameishi na mbung'o kwa maelfu ya miaka, hustahimili nagana inayomuua Boran. Katika taasisi ya utafiti wa mifugo ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa jina la ILRAD na ambayo tangu 1994 ni sehemu ya ILRI, mapacha wa N'Dama na Boran walikuzwa katika tumbo moja ili wachangie damu. N'Dama aliyezaliwa akiwa na seli za damu ambazo nyingi zilikuwa za Boran aliendelea kuwapunguza vimelea kama N'Dama wengine, lakini alipungukiwa damu kama Boran. Jan Naessens na wenzake walipochapisha matokeo hayo mwaka 2003, hitimisho lilikuwa kwamba kumdhibiti kimelea na kuihifadhi damu ni mambo mawili, yenye mashina mawili. Kinga na ustahimilivu si majina mawili ya kitu kimoja.

Kurudi Mkata

Ng'ombe wa Kilosa si N'Dama. Ni zebu, hasa Zebu wa Tanzania mwenye pembe fupi, na katika ranchi wamo Boran na machotara. Lakini zebu nao hawafanani. Nchini Kenya, Boran wa Waorma, waliofugwa kwa vizazi vingi karibu na mbung'o wa mto Tana, walipowekwa pamoja na Boran wa kawaida katika ranchi ya Galana walionyesha kuathirika kidogo zaidi. Mfano huo wa Waorma ndio unaoipa hoja ya Ford mwili unaokubalika kisayansi: kuishi pembeni mwa mbung'o kwa muda mrefu hakumfundishi ng'ombe mmoja mmoja kumuua kimelea, bali huchuja kundi, vizazi kwa vizazi, wakabaki wale ambao damu yao hujizuia. Na mchujo wa namna hiyo ndio kitu ambacho sotoka ya 1890 ingeweza kukifuta kwa msimu mmoja. Sotoka haikuchagua. Iliua mstahimilivu na asiye mstahimilivu wa nagana kwa pamoja, na makundi yaliyojengwa upya Usagara yalijengwa kwa ng'ombe walionunuliwa au kutekwa mahali pengine, penye historia nyingine ya damu. Kuenea kwa vichaka baada ya 1890 kumeandikwa mara nyingi. Kupotea kwa urithi huo wa mifugo, ambako kwa mtazamo wa insha hii ni hasara ya uzito uleule, hakujapata sura yake katika vitabu.

Wafugaji wa Kiparakuyo, ambao T. O. Beidelman aliwaandika katika wilaya ya Kilosa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Peter Rigby katika miaka iliyofuata, walikuwa wakiitumia tambarare hiyo kwa kanuni zilizomkwepa mbung'o: kupitisha ng'ombe usiku au alfajiri, kukaa mbali na vichaka vya mitoni, kuhama kabla ya mvua kuufunga udongo mweusi. Kijiji cha Twatwatwa ni alama ya makazi yao. Kuanzia miaka ya 1950 mkwepo huo uliongezewa sindano. Diminazini, iliyouzwa kwa jina la Berenil, iliingia sokoni katikati ya muongo huo, na isometamidiamu, Samorin, ikafuata kama kinga ya miezi kadhaa. Ranchi ya Taifa ya Mkata isingefikirika bila dawa hizo. Mfano unaojulikana zaidi ni wa ranchi ya Mkwaja mkoani Tanga, ambako Boran walifugwa kwa miaka mingi katikati ya mbung'o kwa nguvu ya Samorin na Berenil, na hesabu zao zikachapishwa mwaka 1985. Ardhi ya Mkwaja leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Ng'ombe wametoka, nyati wamebaki, mahali palepale ambapo maksai wa Price walianzia safari.

Wafugaji husimulia kwamba ng'ombe aliyedungwa Berenil jioni huamka asubuhi akiwa ameinua kichwa, kabla dawa haijapata muda wa kuirudisha damu iliyopotea. Kwa muda mrefu wataalamu waliliona hilo kama shauku ya mwenye mali. Mwaka 2012 maabara ya Jude Uzonna huko Manitoba, Kanada, ilionyesha kwamba diminazini, mbali na kuua vimelea, hupunguza moja kwa moja utoaji wa sitokini za uvimbe katika seli za panya. Dawa iliyotumika Mkata kwa zaidi ya nusu karne kama silaha dhidi ya kimelea ilikuwa pia, bila aliyeidunga kujua, dawa ya kutuliza uvimbe.

Jambo hilo lina uzito katika suala la usugu. Vimelea wasiosikia diminazini na isometamidiamu wamethibitishwa katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, na maelezo ya kawaida humlaumu mfugaji anayepunguza kipimo. Lakini mfugaji hupima tiba kwa anachokiona, na anachokiona ni ng'ombe kunyanyuka. Nusu kipimo kinachotuliza uvimbe bila kuwamaliza vimelea kitaonekana kimefaulu. Kinachoitwa uzembe hapo ni usomaji sahihi wa dalili isiyotosha.

Upande wa hifadhi, tafiti za kinga zimeondoa pia hoja ya zamani ya Koch. Nyati hahifadhi vimelea kwa sababu mwili wake hauwajali. Samuel Black na wenzake walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba damu ya nyati ina kimeng'enya, zanthini oksidesi, kinachozalisha haidrojeni peroksidi na kuwaua tripanosoma, hata wale wasioguswa na silaha ya makoti. Vimelea hubaki kwa idadi ndogo, na nyati haugui. Nyani nao, hao wa jenasi ya Papio wanaokaa kando ya barabara ya Mikumi wakisubiri maganda ya ndizi, wana katika damu yao protini inayoua hata tripanosoma wa malale ya Afrika Mashariki, ambao protini ya binadamu ya jamii hiyohiyo haiwawezi.

Maisha ya pamoja ya mifugo na wanyamapori katika Mkata, kwa hiyo, hayakuvunjwa na mnyamapori. Kabla ya 1964 mfugaji alikuwa na tambarare nzima ya kuchagulia saa na njia. Baada ya mpaka wa Mikumi kuchorwa na kusogezwa mwaka 1975, na baada ya mashamba ya mkonge, miwa na mpunga kuchukua ardhi ya mitoni, ng'ombe wa Kilosa walibanwa katika ukanda wa pembeni ya hifadhi, palepale ambapo mbung'o humtoka nyati na kumfuata ng'ombe. Ng'ombe waliohamishwa Usangu kati ya 2006 na 2007 na kusukumwa kuelekea pwani na Lindi walikutana na mbung'o wakiwa hawana mchujo wa aina yoyote nyuma yao. Kugusana kidogo kidogo, ambako Ford alikuona kuwa msingi wa utaratibu wa zamani, kumekuwa kugusana kwa mfululizo, na mwili wa mnyama aliyechoka kwa mwendo na njaa hauna akiba ya kulipia vita na utulivu kwa pamoja.

Tanzania imeonyesha kwamba mbung'o anaweza kuondolewa kabisa: Unguja ilisafishwa kwa kuachia madume tasa waliozalishwa Tanga, na mbung'o wa mwisho wa porini alikamatwa mwaka 1996. Unguja ni kisiwa. Mkata imeungana na Mikumi, Mikumi imeungana na nyika za Selous. Ndiyo maana kipimo kinachofaa hapa ni kile ambacho maofisa wa miaka ya 1930 hawakukitumia, yaani ujazo wa chembe nyekundu katika kijirija cha damu kilichozungushwa kwa mashine, unaosomwa kwa rula na kuandikwa pamoja na jina la mwenye ng'ombe, umri wa mnyama na mahali alipozaliwa. Kundi ambalo vimelea wamo na ujazo haushuki ni kundi lenye kitu cha kuhifadhiwa, na ng'ombe wa namna hiyo hawatapatikana kwa kuorodhesha waliokutwa na vimelea.